Penseli Haikatai: Haki katika Kupanga Zamu za Wauguzi kwa Kompyuta

(Maneno ya mada iliyotolewa Usangi mbele ya wauguzi, wakunga na wajumbe wa kamati za haki na amani)

 

Tulipoombwa kuzungumza juu ya kompyuta hospitalini tulisita. Kompyuta ya kwanza kuigusa ilikuwa ile ya ofisi ya Gombera seminarini, na tuliigusa kwa kuifuta vumbi. Wako wanaoiita tarakilishi, wako walioiita ngamizi. Sisi tutasema kompyuta, maana ndivyo mnavyosema ninyi mnaoitumia. Nchi yetu, tukumbuke, iliwahi kupiga marufuku uingizaji wa mashine hizi mwaka 1974, na haikosi kuwa wako wazee humu ndani wanaodhani serikali ya wakati ule haikukosea sana. Lakini mada tuliyopewa haihusu mashine kwanza. Inahusu zamu, na habari ya zamu watu wa milima hii hawahitaji kufundishwa na mtu.

Wazee wetu, hapa Upare ya Kaskazini na kule Same upande wa Kusini, walijenga ndiva, yaani mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya vijito, na kutoka katika ndiva wakachimba mifereji iliyoshuka mpaka mashambani. Ndiva ilijengwa na kusafishwa kwa msaragambo, kila nyumba ikitoa mtu. Maji yalijikusanya usiku, asubuhi ndiva ikafunguliwa, na kila mwenye shamba akapata maji kwa zamu yake. Maji hayakutosha watu wote kwa siku moja. Kama yangetosha, nani angehangaika na zamu? Zamu ni mpango wa watu wenye kitu kichache ambao hawataki kupigana. Na kilichoilinda zamu ya maji ni kwamba jirani aliiona. Mtu akifungulia maji shambani mwake siku isiyo yake, aliye chini yake alijua kabla jua halijapanda, kwa sababu mfereji ulikuwa mkavu.

Ratiba ya zamu za wauguzi nayo inagawa kitu kichache. Inagawa usingizi, inagawa Jumapili na Ijumaa, inagawa jioni ya kukaa na watoto. Hubandikwa ukutani, kila mtu anaisoma. Lakini anayesoma karatasi ya mwezi mmoja haoni mwaka. Ya mwezi uliopita imekwisha kubanduliwa na kutupwa, au imegeuzwa upande wa pili ikaandikiwa mambo mengine. Mfereji umekauka, na hakuna anayejua ni nani aliyefungulia maji.

Miaka michache iliyopita alitujia dada mmoja, muuguzi katika hospitali ambayo hatutaitaja, nayo si ya hapa Usangi. Alikuja na daftari dogo la mfukoni. Akasema: “Padre, sikuja kumshtaki mtu. Nimekuja tuhesabu pamoja.” Tukahesabu. Mwezi uliotangulia alikuwa amefanya zamu za usiku 14, na mwenzake wa wodi ile ile, mwenye cheo kile kile, alikuwa amefanya 4. Mwezi wa nyuma yake karibu ni hivyo hivyo. Tena alikuwa ananyonyesha.

Kwa ruhusa yake tulikwenda kumwona muuguzi mfawidhi wa wodi ile, ambaye ndiye aliyepanga ratiba. Tulikwenda tukiwa na hasira kidogo, tunakiri. Tulimkuta mama wa makamo, mpole, mchovu kuliko wauguzi wake. Akatuonyesha jinsi anavyofanya kazi hiyo. Jumapili moja kila mwezi, baada ya ibada, anakaa mezani nyumbani kwake na karatasi kubwa yenye mistari, rula, penseli na kifutio, kuanzia mchana hadi usiku. Tukamwuliza anaanzia wapi. Akajibu bila kuficha neno: “Padre, ninaanza na wale watakaonisumbua. Huyu mume wake ni mkali, huyu atakwenda kulalamika kwa mganga mfawidhi, huyu ni mtoto wa fulani. Nikishawaridhisha hao, nafasi zilizobaki ninawajazia waliobaki.”

“Na dada yule?”

“Yule hasemi kitu.”

Hapo hasira yetu iliisha, ikaja huzuni. Mama yule hakuwa mwovu. Alikuwa ameachiwa peke yake kazi isiyowezekana, kama Musa alivyokaa toka asubuhi hadi jioni akiwaamua watu, mpaka Yethro mkwewe akamwambia kwamba atajichosha yeye na watu wake pia. Hata hivyo matokeo ya upole wake yalikuwa dhuluma, nayo ilimwangukia aliye kimya. Tumeona baadaye kwamba ndivyo ilivyo mahali pengi. Ratiba ya penseli humpa nafuu mwenye sauti.

Palikuwa na kijana mmoja mwanakwaya wetu, aliyesoma kompyuta chuoni, akisubiri ajira. Tulimwomba amsaidie mama yule. Tungependa mwelewe alichokifanya, maana hakina uchawi.

Fikirini muuguzi mmoja na siku 28. Kila siku anaweza kuwa na moja katika mambo manne: zamu ya asubuhi, zamu ya jioni, zamu ya usiku, au mapumziko. Njia za kumpangia muuguzi huyo mmoja siku hizo 28 ni 72,057,594,037,927,936. Ndiyo, tumeandikiwa tusikosee, ni tarakimu 17. Wauguzi wakiwa kumi, namba hiyo inakuwa na tarakimu 169, na haina jina katika lugha yoyote tuijuayo. Kwa hiyo mama anayekaa na kifutio chake Jumapili moja hawezi kuzitazama zote. Anatazama mbili tatu, ya kwanza inayokubali anaibandika. Wataalamu wa hesabu waliliona tatizo hili zamani. Mwaka 1976 kule Marekani zilichapishwa kazi mbili za kitaalamu zilizoonyesha namna ya kupanga zamu za wauguzi kwa hesabu na kompyuta, tena zikizingatia mambo ambayo wauguzi wenyewe wanayapendelea, na tangu hapo kazi hiyo haijasimama. Kinachofanyika ni kuiambia mashine masharti ya aina mbili. Yako masharti ya lazima, ambayo ratiba ikiyavunja haifai. Na yako maombi, ambayo mashine inajitahidi kuyatimiza; kila ombi linapewa uzito, na ratiba inayovunja maombi machache yenye uzito mdogo ndiyo inayochaguliwa.

Masharti ya lazima kijana wetu hakuyatunga. Aliyatoa katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, na tungependa kila muuguzi aliyemo humu aondoke ameyashika kichwani. Saa za kawaida za kazi zisizidi 45 kwa wiki. Saa za ziada ziwe kwa makubaliano, zilipwe mara moja na nusu, na zisizidi 50 katika wiki nne. Kwa siku moja mtu asifanye kazi zaidi ya saa 12, hata kwa kuhesabu za ziada. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena zipite saa 12 za mapumziko, isipokuwa pale penye makubaliano ya maandishi katika mazingira ambayo sheria imeyataja, na kila wiki yawepo mapumziko ya saa 24 mfululizo. Kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, ina nyongeza ya asilimia 5 ya mshahara kwa kila saa. Mjamzito asilazimishwe kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, wala mama katika miezi miwili baada ya kujifungua.

Katika wodi ile wauguzi wawili walihitajika asubuhi, kuanzia saa 1:30 hadi saa 9:30 alasiri. Wawili jioni, kuanzia saa 8 mchana hadi saa 2 usiku. Na mmoja usiku kucha, kuanzia saa 2 hadi saa 2. Wauguzi walikuwa watano. Kijana akaandika masharti yote, akaiamuru mashine ipange.

Mashine ikajibu kwamba haiwezekani.

Mama alidhani imeharibika. Kijana akaiwasha upya, ikajibu vile vile. Basi tukachukua karatasi sisi watatu tukafanya hesabu ya shule ya msingi. Asubuhi wawili kwa saa 8 ni saa 16. Jioni wawili kwa saa 6 ni saa 12. Usiku mmoja, saa 12. Jumla ni saa 40 kwa siku, saa 280 kwa wiki. Wauguzi watano kwa saa 45 wanatoa saa 225. Zinapungua 55. Tukairuhusu mashine kutumia saa za ziada: kila mmoja afanye saa 56 kwa wiki, yaani 11 za ziada, ambazo kwa wiki nne ni 44, chini ya zile 50. Hapo ikapanga, kwa shida. Halafu mama akakumbuka kwamba mmoja wa watano yuko likizo mwezi ujao. Wanne kwa saa 280 ni saa 70 kila mmoja, 25 za ziada kwa wiki, 100 kwa wiki nne, mara mbili ya kile sheria inachoruhusu. Mashine ikakataa tena. Hata wauguzi saba, ambao mtu angedhani ni wengi mno kwa wodi kama hiyo, mmoja akiwa likizo sita waliobaki wana saa 270, na bado zinapungua 10. Na hapo hakuna aliyeugua, hakuna aliyefiwa, hakuna aliyekwenda semina Moshi.

Mama akasema kwa mshangao: “Lakini mimi ninaipanga kila mwezi!”

Ni kweli aliipanga kila mwezi. Penseli haikatai. Unachora herufi katika kisanduku, kisanduku kinapokea. Mtu aliyetoka zamu ya jioni saa 2 usiku akaandikwa asubuhi saa 1:30, yaani baada ya saa 11 na nusu, penseli haina neno. Wa jioni akabaki mpaka usiku kwa sababu wa usiku ana homa, haiandikwi popote. Upungufu wa nchi nzima ulikuwa unazibwa kila mwezi kwa miili ya wanawake watano, na juu ya karatasi kila kitu kilionekana kimejaa. Hilo ndilo lililotufanya tukubali kuja kusema leo. Tumesikia wengi wakisifu kompyuta kwamba inapanga haraka. Kwetu sisi faida kubwa ya mashine ile ilikuwa pale ilipokataa.

Maana aliye juu, katika halmashauri au katika uongozi wa hospitali, anapoletewa ratiba iliyojaa, ana haki ya kuamini kwamba watu wanatosha. Upungufu wa watumishi wa afya nchini una historia ndefu. Umechangiwa na miaka ya 1990, serikali ilipobana ajira kwa masharti ya marekebisho ya uchumi, na mwaka 2017 uhakiki wa vyeti uliwaondoa kazini watumishi wa umma wapatao elfu kumi, wa afya wakiwamo. Hatusemi uhakiki ulikuwa kosa. Tunasema nafasi zile zilibaki na zamu zake, na zamu zikahamia kwa waliobaki. Shirika la Afya Duniani lina njia ya kukadiria watumishi wanaohitajika kwa kupima uzito wa kazi yenyewe badala ya idadi ya vitanda. Mwongozo wake ulitoka mwaka 1998, ukarekebishwa mwaka 2010 ukaja na programu yake ya kompyuta, na Tanzania ni mojawapo ya nchi zilizoitumia. Lakini njia hiyo inahitaji takwimu za kweli kutoka chini. Vitabu vya MTUHA mnavijaza tangu mwaka 1993, mkunga anaandika saa ambayo kila mtoto amezaliwa. Ni nani aliyewahi kuhesabu wangapi walizaliwa kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi, mkunga akiwa peke yake?

Mama yule, kwa ushauri wa kijana, aliacha kujaza visanduku visivyo na mtu. Alichapa ratiba yenye matundu, akaandika chini yake saa zinazopungua kila wiki, akaambatanisha barua. Kubakiza tundu katika ratiba ni jambo gumu kuliko mnavyodhani. Alisema alijisikia kama mwanafunzi anayekabidhi mtihani ambao hakuumaliza. Matundu yale yalijazwa kwa kuazima watu wodi nyingine, siku kwa siku, kwa saini ya aliyeazima. Barua ilikaa miezi. Mwishowe akaletwa muuguzi mmoja. Mmoja si wawili, lakini alikuja.

Tungeishia hapo mngedhani tumekuja kuuza kompyuta. Mwezi wa pili mambo hayakwenda hivyo.

Ratiba ya mwezi wa pili ilibandikwa, nzuri, usiku zimegawanywa sawasawa, hakuna aliyezidi mwenzake kwa zaidi ya mmoja. Dada wetu wa daftari alifurahi siku nne. Siku ya tano ilikuwa zamu ya jioni, akatoka saa 2 usiku, na gari la mwisho la kupanda kijijini kwao lilikuwa limeondoka saa 11 jioni. Mnajua barabara zetu, na mnajua masika. Zamani, mama alipokuwa akipanga kwa penseli, alijua jambo hilo pasipo kuambiwa, na kwa kweli ndiyo ilikuwa sababu mojawapo ya kumpa dada yule usiku badala ya jioni. Mashine haikujua kwamba kuna mlima. Hakuna aliyeiambia. Dada alipokwenda kulalamika, aliambiwa na mtu wa ofisini: “Kompyuta ndiyo iliyopanga.”

Tuliposikia neno hilo tulishtuka kuliko tulivyoshtushwa na usiku 14. Penseli ilikuwa na mwenyewe. Ungeweza kumfuata nyumbani Jumapili ukamwuliza anaanzia wapi, naye akakujibu. Anayejibu kwamba kompyuta ndiyo iliyopanga amemtoa mtu katika shauri na kumweka mahali pake mshtakiwa asiyeweza kuitwa. Yohane Paulo II, katika barua yake juu ya kazi ya mwaka 1981, alieleza kwamba ufundi ni rafiki wa mfanyakazi, nao unaweza kugeuka adui yake pale unapomnyang'anya nafasi yake ya kuwa mwenye kazi. Katika wodi zetu mgeuko huo hautaonekana kama mitambo mikubwa. Utakuwa ni karatasi iliyochapwa vizuri ambayo hakuna anayekubali kuwa ameipanga.

Masharti yote huandikwa na mtu, na uzito wa kila ombi huwekwa na mtu. Tuchukue jambo ambalo hapa kwetu ni kubwa. Katika wodi moja milimani mtamkuta Mwislamu anayeomba Ijumaa mchana, Msabato anayeomba Jumamosi, na Mlutheri na Mkatoliki wanaoomba Jumapili. Wasabato walifika nchi hii kwa mara ya kwanza kupitia Upare, mwaka 1903, hivyo hili si jambo la nadharia tu. Nani ameamua kwamba Jumapili ina uzito wa 10 na Ijumaa 5? Kijana wetu, ambaye ni mwanakwaya, alikuwa ameandika hivyo hasa. Hakuwa na chuki, hakufikiri. Muuguzi Mwislamu ndiye aliyeona, kwa sababu alikuwa wa kwanza kuomba aonyeshwe uzito huo. Tena kuna Idi, ambayo huwezi kuipanga mwezi mzima kabla, maana mwezi unaandama unapoandama. Mashine inataka tarehe. Wale wauguzi waliafikiana wenyewe, bila mashine, kwamba siku mbili zinazoelekea kuwa Idi Wakristo wazibebe zote mbili, na Krismasi na Pasaka Waislamu wazibebe. Tunajua hospitali nyingi zimekuwa zikifanya hivyo kabla ya kompyuta kuzaliwa. Inafaa liandikwe lisije likafutwa na programu.

Hapa Usangi kuomba kuonyeshwa hesabu si utovu wa adabu. Januari 1945 watu wa Pare waliandamana mpaka Same kuipinga kodi ya mbiru, na wanawake wa Usangi nao waliingia katika mapambano yale. Mojawapo ya manung'uniko yao ilikuwa jinsi kila mtu alivyokadiriwa kiwango chake. Bibi zetu walitembea kwa miguu kwa jambo lenye jina la kodi. Wajukuu zao wanaweza kuomba kuona ukurasa mmoja wa masharti ya ratiba.

Kuna jambo la siri ambalo wachache wanalifikiri. Mtu anapoomba asipangwe Jumanne ya kwanza ya kila mwezi, iko sababu. Pengine anakwenda kuchukua dawa zake kliniki mbali na anapofahamika. Pengine ana mtoto mgonjwa, au kesi mahakamani. Penseli ilimtaka amnong'oneze mama mmoja. Kompyuta yenye kisanduku kilichoandikwa “sababu” inamtaka aandike, na kilichoandikwa kinasomwa na yeyote anayeketi pale. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwaka 2023, lakini dawa iliyo nafuu zaidi ni kukiondoa kisanduku chenyewe. Mashine inahitaji kujua kwamba Jumanne hapatikani. Kwa nini hapatikani, haihitaji.

Wengine wataona tunakuza mambo madogo. Watazame yaliyotokea Marekani, ambako maduka na migahawa mikubwa ilizipa programu kazi ya kupanga zamu ili pasiwepo mfanyakazi anayelipwa dakika asiyo na mteja. Akina mama walikuwa wakipata ratiba siku chache kabla, wakirudishwa nyumbani mteja akipungua, hawajui watamwacha mtoto kwa nani. Kelele zikawa kubwa, na miji ikatunga sheria. Mji wa Seattle, kuanzia mwaka 2017, unawataka waajiri wakubwa wa maduka na vyakula kutoa ratiba siku 14 kabla. Programu zile hazikuwa mbovu. Zilitimiza kwa uaminifu ombi moja tu lililopewa uzito wote. Kwa wauguzi, pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1977 lilikwisha kusema kwamba wajulishwe ratiba mapema kiasi cha kuweza kupanga maisha yao na ya jamaa zao.

Katika wodi ile tuliyoisimulia, mambo sasa yanakwenda hivi. Masharti na uzito wake vimechapwa ukurasa mmoja, umebandikwa karibu na ratiba. Siku ya 10 ya kila mwezi maombi yanafungwa, siku ya 15 ratiba ya mwezi unaofuata inabandikwa, umeme uwepo usiwepo, kwa hiyo kijana huchapa siku mbili kabla. Chini ya ratiba kuna majina matano, siku hizi sita, na mbele ya kila jina jumla ya zamu za usiku tangu Januari, na jumla ya Jumapili, Ijumaa na Jumamosi. Mama ndiye anayeweka saini, na anaweza kubadili alichopanga kompyuta, lakini akibadili anaandika amebadili nini. Neno la siri la kufungulia faili wanalo watu wawili, mmoja akiwa ni muuguzi wa kawaida aliyechaguliwa na wenzake. Walimchagua dada wa daftari. Mlima nao umeingia katika masharti: wanaoishi juu hawapangiwi kutoka saa 2 usiku isipokuwa pana kitanda cha kulala hospitalini. Kitanda hicho bado hakijapatikana, godoro lipo.

Bado mama anatumia Jumapili yake, lakini saa mbili tu. Anasema anazikosa saa zile nyingine, kwani ndizo zilizomfanya awafikirie watu wake mmoja mmoja. Tulimjibu kwamba anaweza kuendelea kuwafikiria bila kifutio, akacheka, lakini hatuna hakika kwamba tulimjibu vema.

Sasa, kabla ya chai. Kila kituo kimeombwa kuja na ratiba za miezi mitatu iliyopita. Tumeona wengine mmekuja nazo zimekunjwa, nyingine zimechanika, moja ina doa la mchuzi, zote zinafaa. Mtakaa kwa vikundi, wa zahanati mbalimbali na wa hospitali mchanganyike. Kwanza hesabuni zamu za usiku kwa kila jina. Halafu hesabuni saa zinazotakiwa kwa wiki na saa ambazo watu mlionao wanaweza kutoa kwa mujibu wa sheria, kama tulivyofanya hapa. Msibishane kwanza kuhusu nani ana kosa. Wenye simu zenye kikokotoo wawasaidie wenzao. Tuanze na wodi ya wazazi.